Kucheza Baldur's Gate bila kikosi: jibu kwa msomaji wa Nyegezi

Swali: "Mwangaluka kaka. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Nyegezi. Nina laptopu ya mtumba, nimeweka Baldur's Gate ile ya kwanza, toleo lililoboreshwa. Nataka kuimaliza peke yangu bila kumchukua mwenzangu hata mmoja. Nimetengeneza mchawi. Kila nikifika Friendly Arm, kwenye ngazi za nyumba ya wageni, kuna jamaa ananimaliza. Jamaa zangu wa banda la gemu wananicheka, wanasema hili ni gemu la watu sita. Kweli inawezekana? Nitumie mhusika gani? Au nisubiri mpaka nipate kompyuta ya kuchezea ile ya tatu?"

Mhola, mdogo wangu. Inawezekana, tena si jambo la ajabu. Wapo waliolimaliza gemu hili solo kwa karibu kila aina ya mhusika, mchawi wako akiwemo. Ila kabla sijafika kwenye mhusika, nina swali ambalo ulipaswa kujiuliza: Friendly Arm unaenda kutafuta nini?

Gorion, mlezi wako, anakuagiza kwamba mkipoteana uende pale ukawaone Khalid na Jaheira. Hao ni mtu na mkewe wanaosubiri kujiunga na kikosi chako. Wewe umeshasema hutaki kikosi. Kwa hiyo unaenda kupambana na muuaji mlangoni ili uonane na watu utakaowaambia hapana. Gemu halikulazimishi kupita pale. Gorion akishauawa, shika barabara ya kusini mpaka mji wa Beregost, na Friendly Arm utairudia siku ukiwa na mwili wa kutosha. Wachezaji wengi wa solo hufia pale kwa sababu tu hadithi imewaelekeza huko, na hadithi iliandikwa kwa ajili ya mtu anayekusanya watu.

Jamaa wa kwenye ngazi anaitwa Tarnesh. Mchunguze vizuri, maana gemu zima limo ndani yake. Anakuuliza jina, na hata ukimdanganya mara nyingi mambo yanaishia pabaya. Anaanza kwa kujizungushia vivuli vyake mwenyewe, ili mishale yako ipige vivuli badala ya mwili. Halafu anakutupia uchawi wa hofu. Mhusika wako anaanza kukimbia ovyo uwanjani, hasikii amri yako, na wakati huo Tarnesh anamtupia mishale ya uchawi ambayo haikosi hata siku moja. Mchawi wa leveli ya kwanza ana uhai 4, au 6 kama siha yake ni nzuri. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Sasa angalia kilichokuua hasa. Uhai mdogo ulichangia, lakini hata mpiganaji mwenye uhai 14 akishikwa na ile hofu anaweza kufia palepale. Kilichokuua ni zile sekunde ambazo hukuwa na mtu wa kumwamuru. Mwenye kikosi cha sita, mmoja akipigwa na hofu, watano wanaendelea kumshambulia Tarnesh na shughuli inaisha. Wavuvi wa dagaa hawatoki ziwani kwa kundi kwa sababu ya uzito wa wavu peke yake. Mmoja akishikwa na homa usiku katikati ya maji, wenzake watapiga kasia mpaka mwaloni. Hicho ndicho unachokiacha unapocheza solo. Upanga wa mwenzako unaweza kuufidia kwa leveli na silaha nzuri, lakini zamu ya mwenzako wakati wewe umeganda huwezi kuifidia kwa chochote, isipokuwa kwa kuhakikisha hugandi.

Kwa hiyo ukitengeneza mhusika wa solo, acha kuuliza nani anapiga kwa nguvu. Uliza: uchawi wa hofu ukija, huyu ana nini? Wa kuganda? Wa kutekwa akili? Usingizi? Utando wa buibui? Kila kimoja kati ya hivyo, ukiwa peke yako, ni kifo kinachokuja taratibu huku unatazama. Na mhusika wako mkuu akifa, gemu limeisha. Akigeuzwa jiwe ni vilevile.

Kwa mtu anayejaribu mara ya kwanza, mimi ningemtuma mbilikimo (kwenye gemu ni "dwarf") mpiganaji wa aina inayoitwa Berserker. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ule mzuka wake: ukiuwasha, kwa dakika nzima hashikwi na hofu, hagandi mwili, hatekwi akili, halali usingizi wa kichawi wala hachanganyikiwi. Leveli ya kwanza anao mara moja kwa siku, na unaongezeka kadiri anavyopanda. Ya pili ni damu ya kibilikimo. Mpiganaji wa kawaida wa leveli ya kwanza, ili aukwepe uchawi, anahitaji kete ya pande 20 imletee 17 au zaidi, yaani bahati mara moja kati ya tano. Mbilikimo mwenye siha ya 18 au 19 anaongezewa alama 5, hivyo 12 inamtosha, na ghafla anakaribia nusu kwa nusu. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwenye picha ya mhusika, ila utaiona kwenye idadi ya mara unazoloadi upya. Hasara yake ni kwamba Berserker hawezi kubobea kwenye silaha za mbali. Mpe nyota moja ya ustadi wa upinde hivyohivyo, kwa sababu mwanzoni utaishi kwa mishale: dubu na majambazi wa barabarani wasikufikie kabla hujawachosha. Baada ya kuwasha mzuka anachoka, kwa hiyo usiuwashe kwa ajili ya mbwamwitu.

Wapo watakaokuambia uchukue paladini wa aina ya Inquisitor. Hawajakosea. Yeye hagandi wala hatekwi akili saa zote, bila kuwasha chochote, na ana uwezo wa kufuta uchawi wa adui kwa nguvu kuliko mchawi wa leveli yake. Vile vivuli vya Tarnesh anaweza kuvipukutisha kwa mara moja. Ila hofu inampata kama binadamu mwingine, na lazima awe binadamu, kwa hiyo hana ile nyongeza ya kete. Ningemweka wa pili.

Wa tatu ni yule ambaye mafundi wa solo wanamsifia kuliko wote: elfu (yaani "elf", wale watu wa masikio yaliyochongoka) mwenye fani tatu kwa pamoja, mpiganaji, mchawi na mwizi. Anajificha, anafungua kufuli, anategua mitego, anajikinga kwa uchawi, na kwa kuwa ni elfu ana kinga ya asilimia 90 dhidi ya usingizi na kutekwa akili. Akikomaa ni mtu hatari sana. Lakini pointi zake zinagawanywa kwa fani tatu, na mwanzo wake ni mateso. Mchawi wako wa sasa naye ana mwanzo kama huo bila hata ya upanga. Muweke akiba, utamrudia ukishalijua gemu.

Turudi kwenye kauli ya wenzako wa banda, kwamba hili ni gemu la watu sita. Ni kweli, na hapo ndipo penye faida yako. Baldur's Gate ilitoka mwaka 1998, ikafuata sheria za zamani za mezani ambamo pointi za uzoefu zinagawanywa kwa waliomo kikosini. Ukiua, mnagawana. Hata misheni nyingi, mnagawana. Wewe hugawani na mtu. Kwa hiyo saa chache za kwanza utakuwa dhaifu kuliko kikosi chochote, halafu ghafla unakuwa mbele ya wote. Kazi yako yote ya mwanzo ni kufupisha zile saa chache.

Anzia Candlekeep kwenyewe, pale ngomeni gemu linapoanzia. Fanya kila kikazi unachopewa na watu wa mle, na nunua upinde na mishale mingi kabla ya kutoka. Ukifika Beregost tafuta pointi zisizo na damu: kuna mlevi anaitwa Marl, ndani ya Feldepost's Inn, aliyefiwa na mwanawe na anayetafuta wa kumlaumu, ukimjibu kwa utulivu badala ya kuchomoa silaha, unalipwa pointi. Vitabu, barua, ujumbe wa huyu kwa yule, vyote fanya. Nyumba ya wageni ya Red Sheaf usiingie bado, kuna muuaji mwingine anakusubiri humo. Na katika mji wa Nashkel wapo wengine. Wote wametumwa kwako wewe, si kwa kikosi chako, kwa hiyo kuwa peke yako hakukufichi.

Ukishakuwa na leveli mbili tatu, nenda mashariki ya Beregost, kwenye bustani ya Mutamin. Hapa ndipo solo inapobadilika. Pale kuna wale mijusi wakubwa wanaokugeuza jiwe kwa kukutazama. Mdogo ana pointi 1,400. Kikosi cha sita kingepata kama 233 kila mmoja. Wewe unapata zote. Yule mkubwa ana pointi 7,000. Mpiganaji anahitaji 8,000 kufika leveli ya nne na 16,000 kufika ya tano, kwa hiyo mchana mmoja wa bustanini unaweza kukutoa kwenye utoto wote.

Lakini sikia vizuri: mzuka wa Berserker haukukingi na kugeuzwa jiwe. Wengi wameingia pale wakidhani wana kinga ya kila kitu. Unahitaji moja kati ya vitu vitatu. Kuna dawa inayoitwa Mirrored Eyes, kuna hati ya kinga dhidi ya kugeuzwa jiwe ambayo hata asiye mchawi anaisoma, na kwa mchawi kuna uchawi wa daraja la kwanza kabisa wenye kazi hiyohiyo. Huo mchawi wako angeweza kuwa nao tangu siku ya kwanza, ndiyo maana nimesema asitupwe. Njia ya nne ni ya kijanja: humohumo bustanini yumo zimwi mmoja, Korax, ambaye ukizungumza naye kwa upole anaweza kukupenda kwa muda na kukupigania. Yeye ni mfu, kwa hiyo macho ya wale mijusi hayamfanyi kitu, na mguso wake unawagandisha. Unamtanguliza, wewe unabaki nyuma na upinde. Tatizo ni kwamba mapenzi yake yana mwisho, na yakiisha mguso uleule unakugeukia wewe. Hesabu muda, au mmalize mapema. Na Mutamin mwenyewe yumo, pamoja na kundi la watu wanne linaloongozwa na Kirian. Hao usiwasogelee siku hiyo.

Baada ya hapo unaweza kwenda kaskazini ya Friendly Arm kuwinda ankheg, wadudu wanaochimba ardhini na kutema asidi. Kila mmoja ana pointi 975. Magamba yao yanauzwa bei nzuri, na fundi Taerom wa Beregost anakutengenezea deraya kwa dhahabu 4,000 ukimpelekea gamba. Deraya hiyo ni kati ya bora kabisa za gemu la kwanza, na kwa kuwa dhahabu yote ni yako peke yako, 4,000 si ndoto. Huko huko kuna kijiji cha wavuvi, na wavuvi watatu wanakuomba uwaondolee binti kuhani anayewasumbua baharini. Sitakuharibia hadithi, ila mtu aliyekulia jirani na mwaloni wa Kirumba, akiwasikiliza wale watatu wanavyojieleza, atajua mapema kwamba kuna kitu hawajakisema.

Kuhusu Imoen, rafiki yako wa utotoni. Anakufuata mara tu Gorion anapokufa, na mfukoni ana kifimbo cha kurusha mishale ya uchawi. Wapo wanaomkubali kwa dakika moja, wanachukua kifimbo, wanamuaga. Wengine wanasema hiyo si solo. Mimi naona ni ugomvi wa watu wasio na kazi: hakupiganii, hagawani pointi nawe baada ya kuondoka, na mbilikimo wako mwenyewe hawezi kukitumia kifimbo hicho. Kwa mchawi lakini ni uhai wa siku za mwanzo. Amua mwenyewe, halafu usibadilishe sheria katikati kwa sababu umekufa.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Mipangilio ya gemu ina sehemu ya kujisimamisha lenyewe. Weka lisimame kila adui anapoonekana, kwa sababu peke yako huna jicho la pili. Kitufe cha spesi kinasimamisha wakati wowote, na wakati umesimama unaweza kutoa amri kwa utulivu. Kiwango cha ugumu kiweke cha kawaida, chini ya kile cha sheria kamili, ili kila ukipanda leveli upate uhai wote bila kamari ya kete. Kete mbaya kwa mtu mmoja ni mkosi wa gemu zima. Usilale porini ukiweza kufika nyumba ya wageni. Mkoba wako mmoja unajaa haraka, kwa hiyo panga za kawaida na deraya za majambazi ziache chini, beba vito, hati na dawa. Na bonyeza Q kila baada ya pambano. Laptopu za mtumba betri zake unazijua: umeme ukikatika Nyegezi, saa mbili za kazi zinaondoka nao.

Ile ya tatu usiisubiri kwa ajili ya hili. Baldur's Gate 3, ya mwaka 2023, inataka nafasi ya gigabaiti 150 na kompyuta ya maana. Kuipakua kwa bando peke yake ni mradi. Lakini hata ukiipata, hesabu yake ni nyingine. Kikosi ni cha wanne, watu wanapokezana zamu, na pointi hazigawanywi: kila mmoja anapata zote. Maana yake ukicheza peke yako huongezewi kitu chochote, unapoteza zamu tatu kati ya nne, na leveli ya mwisho ni 12 kwa wote. Watu wanaimaliza solo, kwa kujificha, kushambulia kabla ya kuonekana, kukimbia na kurudi. Ni ustadi mzuri ila haufanani na huu unaojifunza sasa. Ukitaka gemu la zamu ambalo watengenezaji wenyewe walimfikiria mtu mpweke, Divinity: Original Sin II ya 2017 ina kipaji cha Lone Wolf: ukiwa mmoja au wawili, unaongezewa uhai na nguvu za kutenda katika kila zamu. Kampuni ni ileile ya Baldur's Gate 3, Larian. Hapo umepewa fidia iliyoandikwa. Kwenye ile ya kwanza fidia unaitafuta mwenyewe bustanini kwa Mutamin.

Kitu kimoja wengi hawakioni mpaka wamechelewa. Toleo ulilo nalo lina kikomo cha pointi 161,000. Mpiganaji anafika leveli ya nane kwa 125,000, na ya tisa inataka 250,000, kwa hiyo ya nane ndiyo mwisho wako. Peke yako utafika pale ukiwa bado na sehemu kubwa ya hadithi mbele. Kuanzia hapo kila unachoua hakikuongezei leveli. Kikosi cha sita kinakuja nyuma kikipanda polepole, na wakifika kwa Sarevok, adui wa mwisho wa gemu, wanakuwa karibu sawa na wewe, ila wao ni sita. Ile faida niliyokueleza inaishi katikati ya gemu tu. Mwanzo ni mgumu, mwisho nao ni mgumu.

Ndiyo maana kuanzia katikati, kusanya vitu badala ya pointi. Msitu wa Cloakwood umejaa buibui na tando zake. Mzuka haukutoi kwenye utando, kwa hiyo pete ya Free Action ukiikuta usiiuze. Mbele ya mgodi wa huko kuna kundi la Drasus, wapiganaji na wachawi. Drasus amevaa viatu vya kasi, na viatu hivyo kwa mtu wa solo vina thamani kuliko upanga wowote: adui asiyekufikia hakuui, na upinde wako unaendelea kufanya kazi. Waue kwa kuwavuta mmoja mmoja kutoka mbali, usiwaingie katikati.

Na dawa zinywe. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoniletea maswali: mtu amekufa mbele ya Sarevok, na mkobani ana dawa za nguvu za majitu, za kasi, za ushujaa, hati za kinga, kifimbo cha kuita wanyama, vyote vimejaa, anavitunzia siku ambayo ilikuwa ndiyo hiyo. Kabla ya kuingia kwenye hekalu la chini ya mji, anakokusubiri Sarevok, kunywa kila kinachoongeza. Sakafu yake imetegwa mitego na wewe huna mwizi, kwa hiyo usikimbilie katikati ya ukumbi. Baki karibu na ulipoingilia, kama mhusika wako anaweza kuita wanyama waite mbali kidogo nawe ili wachawi wa Sarevok wapoteze uchawi wao kwao, na washa mzuka unapomwona yeye mwenyewe anakuja, si kabla. Wenzake usihangaike nao zaidi ya lazima. Sarevok akianguka gemu linaisha hapohapo, hata kama wengine wote bado wamesimama.